Bwana Douglas na Hospitali za Watu Wote

Natumaini mmekwisha kaa, na kila mmoja anacho kijitabu chake mkononi. Anayesoma upesi amngoje mwenzake, kwani hapa hatushindani mbio.

Leo tutasoma habari za mtu wa mbali, huko Kanada, nchi iliyo kaskazini ya Amerika. Jina lake ni Thomas Clement Douglas, lakini watu wa kwao walimwita Tommy tu. Alidumu katika kazi ya siasa kwa zaidi ya miaka 40, na katika hiyo, miaka 17 alikuwa Waziri Mkuu wa jimbo moja. Hatumtazami kwa sababu alikaa sana kitini. Wengi hukaa sana kitini, wasiache hata kisima. Tunamtazama kwa sababu ya swali moja alilolichukua tangu ujana mpaka uzee: mtu asiye na fedha akiugua, nani atamlipia daktari?

1. Mguu wa mtoto

Tommy alizaliwa mwaka 1904 huko Falkirk, katika Uskoti. Baba yake alikuwa fundi wa kusubu chuma. Mtoto alipokuwa mdogo alianguka akaumia goti, na ugonjwa ukaingia mfupani. Baadaye jamaa hii ilihamia Kanada, katika mji wa Winnipeg, na huko goti likazidi kuwa baya. Madaktari wakasema hapana budi mguu ukatwe. Wazazi hawakuwa na fedha za kumwita daktari bingwa.

Basi ikatokea bahati. Daktari mmoja mashuhuri wa mifupa alimwona mtoto yule hospitalini, akasema kwamba atamtibu bure, iwapo wazazi watakubali wanafunzi wake watazame anavyofanya kazi. Wazazi wakakubali. Mguu ukapona, na Tommy akaja kuwa bingwa wa ndondi wa jimbo la Manitoba, katika uzani mwepesi, mwaka 1922 na 1923.

Fikirini kidogo hapo. Mtu mwingine angalimshukuru Mungu, kisha akasahau. Tommy alishukuru, lakini alipokuwa mtu mzima alijiuliza: Je, kama daktari yule asingalipita siku ile? Na watoto wengine wa maskini, ambao hakuna aliyewapitia? Aliona si haki mguu wa mtoto uwe jambo la bahati.

2. Mchungaji katika nchi ya vumbi

Tommy aliacha shule mapema, akajifunza kazi ya kupiga chapa. Kama wengi wenu, alirudi kwenye vitabu akiwa mtu mzima. Mwaka 1924 aliingia chuo cha Brandon, na mwaka 1930 akawa mchungaji wa kanisa la Kibaptisti katika mji mdogo wa Weyburn, jimbo la Saskatchewan.

Saskatchewan ni nchi tambarare, nchi ya ngano. Wakati wa baridi theluji hufunika kila kitu, na mashamba yako mbalimbali sana. Katika miaka ile ya 1930 maafa mawili yaliwapata wakulima kwa pamoja. Bei ya ngano ilianguka dunia nzima, na mvua ikakatika. Upepo uliinua udongo wa mashamba ukawa vumbi, hata mchana ukafanana na jioni. Kisha wakaja panzi, wakala kilichosalia. Mchungaji Douglas alisaidia kugawa nguo na chakula, lakini aliona sadaka haitoshi. Sadaka humlisha mtu leo, na kesho anarudi na njaa ile ile.

Msidhani watu wa huko walikaa tu wakilia. Walikuwa na desturi ya ushirika. Mwaka 1924 wakulima walikwisha unda chama chao kikubwa cha kuuza ngano pamoja. Hata kabla ya hapo, mwaka 1915, watu wa wilaya moja ndogo iitwayo Sarnia walipoona daktari wao anataka kuhama, walimlipa kwa fedha ya kodi yao ili abaki. Mwaka uliofuata jimbo likatoa sheria ya kuruhusu wilaya nyingine kufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo mbegu ilikuwa imekwisha pandwa na watu wenyewe.

Mwaka 1932 wakulima, wafanya kazi na waalimu waliunda chama kipya cha siasa, kilichoitwa kwa kifupi C.C.F. Douglas aliingia. Mwaka 1934 aligombea kiti cha baraza la jimbo, akashindwa. Mwaka 1935 aligombea Bunge la Kanada, akashinda.

Historia ya kweli haifichi makosa. Mwaka 1933 Douglas aliandika insha ya kupata shahada, akashauri kwamba watu walioonekana wapungufu wa akili wafungwe uzazi. Fikira hiyo ilikuwa imeenea kwa wasomi wengi wa siku zile, na ilikuwa mbaya. Baadaye aliiacha. Alipokuwa Waziri wa Afya, akashauriwa kuifanya sheria, alikataa. Mtu mwenye akili huweza kusema, "Nilikosea," na kutenda tofauti.

3. Siku ya uchaguzi

Kanada ina Serikali Kuu katika mji wa Ottawa, na kila jimbo lina serikali yake. Shule na hospitali ni kazi ya jimbo. Kwa hiyo mtu aliyetaka kuzigeuza hospitali ilimpasa ashinde jimboni.

Tarehe 15 Juni, 1944, watu wa Saskatchewan walipiga kura. Wapinzani walikuwa wamewaonya wakulima kwamba C.C.F. itawanyang'anya mashamba. Wakulima hawakuogopa. Chama cha Douglas kilipata viti 47 katika 52. Ilikuwa serikali ya kwanza ya chama cha kisoshalisti katika Amerika ya Kaskazini. Na mashamba hayakunyang'anywa. Bali ilitolewa sheria ya kumlinda mkulima mwenye deni asifukuzwe shambani mwake.

Serikali hiyo ilifanya mengi. Iliwaruhusu watumishi wa serikali kuwa na chama chao cha wafanya kazi. Iliunganisha shule ndogo ndogo ziwe chini ya halmashauri kubwa zenye nguvu. Mwaka 1947 ilitoa sheria ya haki za binadamu, ya kukataza watu wasibaguliwe kwa rangi au dini. Tangu mwaka 1949 ilianza kupeleka umeme mashambani, na baada ya miaka michache nyumba nyingi za wakulima zilizotumia taa za mafuta zikapata nuru ya umeme.

Mambo mengine hayakufaulu. Serikali ilifungua kiwanda cha viatu na kiwanda cha nguo za sufu, vikapata hasara, vikafungwa. Douglas alijifunza kwamba si kila kazi inafaa kushikwa na serikali.

4. Hospitali kwanza

Sasa turudi kwenye swali letu. Douglas alipokuwa Waziri Mkuu alijitwika pia kazi ya Waziri wa Afya. Lakini hakusema, "Kesho matibabu yote ni bure." Alijua hazina haina fedha, na madaktari ni wachache. Alikwenda hatua kwa hatua.

Kwanza, wazee wanaopata malipo ya uzeeni na wajane wenye watoto walitibiwa bila kulipa. Kisha, mwaka 1946, ikaanzishwa ndege ya kuchukua wagonjwa wa mbali. Mwaka huo huo watu wa sehemu ya Swift Current walianza mpango wao wenyewe wa kulipia madaktari kwa pamoja, na mpango huo ukawa kama shamba la majaribio kwa jimbo zima.

Tarehe 1 Januari, 1947, ikaja bima ya hospitali kwa watu wote wa jimbo. Bima ni nini? Ni kama chama cha kuzikana. Kila mmoja hutoa kidogo angali mzima, na aliyepatwa na msiba husaidiwa na fungu la wote. Kila mtu alitoa dola 5 kwa mwaka, na jamaa nzima, hata ikiwa kubwa namna gani, haikutoa zaidi ya dola 30. Fedha iliyopungua ilitoka katika kodi. Mgonjwa alilazwa hospitalini bila kuuza ng'ombe wala kuweka shamba rehani.

Lakini kumlipa daktari mwenyewe kulikuwa bado. Ilichukua miaka 12 mingine hata kutangazwa. Waziri wa Fedha, Bwana Clarence Fines, aliyekuwa zamani mwalimu wa shule, alitunza hesabu kwa uangalifu, asiruhusu matumizi yapite mapato. Mwaka 1958 Serikali Kuu ya Kanada ilianza kusaidia majimbo kulipia hospitali, karibu nusu ya gharama. Basi Saskatchewan ikawa na akiba kidogo, na mwaka 1959 Douglas akatangaza kwamba wakati umefika. Haba na haba hujaza kibaba, ndugu zangu, lakini lazima awepo wa kukitunza kibaba.

5. Siku 23

Madaktari wengi walikataa. Tusiwadharau bila kuwasikiliza. Walisema: "Serikali ikiwa ndiyo inayolipa, itatuamuru namna ya kutibu. Mgonjwa na daktari wake hawatakuwa huru." Douglas alijibu kwamba mgonjwa atachagua daktari amtakaye kama zamani, litakalobadilika ni mkono unaolipa. Jambo hilo likapelekwa kwa watu katika uchaguzi wa mwaka 1960, na chama cha Douglas kikashinda tena. Sheria ilipitishwa Novemba 1961.

Mwezi huo huo Douglas aliacha uwaziri mkuu, kwa kuwa alikwisha chaguliwa kuongoza chama kipya cha Kanada nzima, kiitwacho N.D.P. Mzigo ulimwangukia Bwana Woodrow Lloyd, mwalimu mwingine wa shule.

Tarehe 1 Julai, 1962, siku mpango ulipoanza, madaktari wengi wa jimbo walifunga vyumba vyao vya kazi. Walibaki wachache katika hospitali fulani kwa wagonjwa mahututi tu. Siku ile ile mtoto mchanga alifariki wakati wazazi wake wakimtafutia daktari. Watu waligawanyika, jirani na jirani, hata ndugu na ndugu. Maelfu waliandamana mbele ya Baraza la jimbo katika mji wa Regina kuipinga serikali. Wengine walianzisha zahanati zao za ushirika, na madaktari wakaja kutoka Uingereza kusaidia. Bwana Lloyd hakurudi nyuma, wala hakutukana mtu.

Mwishowe Lord Taylor, daktari na mjumbe wa Baraza la Malodi la Uingereza, alipatanisha. Tarehe 23 Julai mapatano yalitiwa sahihi katika mji wa Saskatoon. Madaktari walibaki watu wa kujitegemea, wasiwe watumishi wa serikali, na bima ya watu wote ikabaki. Kila upande ulipata kitu, na kila upande uliacha kitu.

6. Baada yake

Douglas mwenyewe alilipa gharama. Juni 1962, katikati ya ghadhabu ile, aligombea Bunge la Kanada katika mji wa Regina, makao makuu ya jimbo alilolitumikia miaka 17, akashindwa. Alikwenda jimbo la British Columbia, akapata kiti huko mwaka huo huo. Mwaka 1964 chama chake kilishindwa hata katika Saskatchewan. Lakini sikilizeni: serikali mpya ya wapinzani haikuifuta bima ile. Watu walikwisha ionja, hakuna aliyethubutu kuwapokonya.

Mwaka 1966 Bunge la Kanada lilipitisha sheria ya kusaidia kila jimbo kufanya kama Saskatchewan, na kufikia mwaka 1972 majimbo yote yalikuwa na bima hiyo. Mpango haukuwa kamili. Dawa za kununua dukani na matibabu ya meno kwa sehemu kubwa vilibaki nje. Hata hivyo hakuna mzazi aliyeulizwa tena fedha kwanza, kabla mguu wa mtoto wake haujatazamwa.

Douglas aliacha Bunge mwaka 1979, akafariki tarehe 24 Februari, 1986. Mwaka 2004 redio na televisheni ya taifa la Kanada iliwataka watu wamchague Mkanada mkuu kuliko wote. Wakamchagua yeye.

Ndugu msomaji, hesabu mwenyewe. Tangu wilaya ya Sarnia mpaka Kanada nzima ni miaka 57. Hakuna mtu mmoja aliyefanya yote. Walikuwako wakulima waliotoa kodi, waalimu waliotunza hesabu, hata madaktari waliokubali kupatana. Douglas alilishika swali asiliachilie, akawapa wengine nao walishike.

Maneno ya kujifunza

Bima: fungu la fedha linalochangwa na wengi kumsaidia apatwaye na shida.
Rehani: mali iliyowekwa kuwa dhamana ya deni.
Kupatanisha: kuwasikilizanisha watu waliogombana.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mguu wa Tommy haukukatwa?
2. Kwa nini serikali ilianza na hospitali, isianze na madaktari?
3. Madaktari waliogopa nini? Je, hofu yao ilikuwa na haki?
4. Kila jamaa hapo kwenu ikitoa kidogo kwa mwaka, fungu hilo lingeweza kufanya nini, na nani angefaa kulitunza? Andika jibu kwa mistari mitano.

Kwaherini mpaka somo lijalo.