Kiti cha Rietveld na Msamiati wa Seremala

Seremala wa Kamembe, mji ulioko ukingoni mwa Ziwa Kivu mkabala na Bukavu, hujifunza kazi kwa macho na mikono. Fundi akiondoka duniani, vipimo vyake huondoka naye, na mara nyingi hata majina ya viungo alivyovitumia. Historia ya kiti kimoja cha Uholanzi yaweza kutufunza namna ya kuikabili hasara hiyo.

Gerrit Rietveld alizaliwa Utrecht mwaka 1888. Baba yake alikuwa seremala, naye alifunzwa kazi katika karakana ya baba yake kabla ya kuwa msanifu majengo. Mnamo 1918 alibuni kiti chenye mikono ambacho hapo kwanza hakikuwa na rangi. Yapata 1923 ndipo kilipopakwa nyekundu, buluu, manjano na nyeusi. Lakini sifa yake kubwa imo katika viungo. Badala ya kuchongewa ulimi na tundu, papi tatu hupitana ubavu kwa ubavu: moja yaelekea juu, ya pili kando, ya tatu mbele, nazo hushikwa kwa vigingi vya mti.

Mielekeo hiyo mitatu ndiyo msingi wa kielelezo cha kompyuta. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, akiwa mwanafunzi katika MIT nchini Marekani, alionyesha Sketchpad, programu iliyomwezesha mtu kuchora kwa kalamu ya nuru juu ya kioo cha mashine. Tangu hapo uchoraji huo umekua, hata leo kila papi yaweza kuundwa peke yake kiooni, ikageuzwa na kutazamwa kila upande kabla mbao haijakatwa. Mwundaji hulazimika kujua papi ipi hutangulia na kigingi hupenya wapi. Picha humsamehe asiyejua, kielelezo hakimsamehe.

Hata hivyo, vipimo peke yake havitaji majina. Kiswahili, kilichofanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, kinayo: randa, patasi, keekee, ulimi, tundu. Yafaa basi mwalimu awapeleke wanafunzi wake karakanani, wakipime kiti kikuukuu, wakichore, kisha waandike jina la kila kipande kama fundi anavyolitamka. Kiti kilichopimwa bila kutajwa viungo vyake kimehifadhiwa nusu tu.