Hindi Fupi la Buluu: Wahopi na Amana ya Neno

Wahopi husimulia kwamba dunia hii tuikaayo ni ya nne. Katika dunia iliyotangulia maisha yaliharibika kwa fitina na anasa, watu wakasahau kushukuru, na wale waliobaki na nyoyo safi wakatafuta njia ya kutoka. Walipanda kwa tete refu, wakapenya tundu la ardhi liitwalo sipapuni, na huko juu wakamkuta Masaw, mlinzi wa nchi hii, ambaye hakuwa na utajiri wa kuwaonyesha. Alikuwa na muo wa kupandia, mbegu na kibuyu cha maji. Mahindi ya kila namna yakawekwa mbele ya mataifa ili kila taifa lichague. Wengine wakayagombania yale marefu manene. Wahopi wakangoja mpaka likasalia moja, fupi, gumu, la rangi ya buluu, wakalitwaa hilo. Wakaambiwa kwamba maisha yao yatakuwa ya taabu, lakini yatadumu.

Nimeanza na hadithi hii kwa kuwa Wahopi wenyewe huisimulia mbele ya wageni. Ziko nyingine wasizozisimulia, na makala haya yanahusu hizo pia. Si kwa kuzifichua, bali kwa kuuliza kwa nini zimefichwa, na sisi wafasiri wa maneno ya watu tuna haki gani juu yake.

Nchi yao iko kaskazini-mashariki ya jimbo la Arizona, Marekani, juu ya majabali matatu yenye vichwa bapa, katikati ya jangwa. Mji wao wa Oraibi umekaliwa bila kukatika tangu karne ya kumi na mbili au kabla yake, na huhesabiwa miongoni mwa makazi ya kale kabisa katika nchi ile. Mvua ni haba, mito ya kudumu hakuna. Mkulima wa Kihopi huichimba ardhi kwa muo mpaka akute unyevu, kiasi cha shibiri moja au zaidi, akaziangusha mbegu kadhaa pamoja. Mahindi yake yamezoea kupanda kutoka kina hicho, ambacho mbegu ya kawaida ingezikwa isionekane tena. Kwa hiyo hindi la buluu si mfano wa maneno matupu. Mtu hulipanda kwa mkono wake, hulisagia chakula chake, na humo hufunzwa subira. Jina lenyewe la Hopi hubeba maana ya mtu mpole, mwenye adabu, aishiye kwa mwenendo mwema. Ni jina la kulifikia kwa matendo, wala halitoshi kurithiwa.

Baada ya kutoka ardhini, wasema, koo zilitawanyika pande zote za dunia kabla ya kukutana juu ya majabali yale. Ziliagizwa ziache nyayo: magofu, vigae na michoro ya miambani. Mahali paitwapo Tutuveni, kwenye njia ya hija ya kwenda kuchukua chumvi katika bonde kuu la Grand Canyon, yapo majabali yenye alama zipatazo 5,000. Kila aliyepita alichonga alama ya ukoo wake: dubu, jua, wingu la mvua, hindi, tai. Aliporudi safari nyingine alichonga tena alama ile ile ubavuni mwa ile ya kwanza. Ndiyo sababu huonekana safu za alama moja zikifuatana, kama sahihi ya mtu aliyefika mara nyingi. Hii ni maktaba isiyo na kitabu.

Lakini maktaba hii ina wenyewe. Elimu ya mapokeo, waiitayo navoti, haimilikiwi na taifa zima kwa jumla. Kila ukoo una safari yake, nyimbo zake na wajibu wake katika ibada, na mtu wa ukoo wa Dubu hajipi ruhusa ya kusimulia habari za ukoo wa Jua. Hata miongoni mwa Wahopi wenyewe mtu hufunzwa kwa kadiri ya umri wake na daraja alilokwisha kuingizwa. Mafunzo mengi hutolewa ndani ya kiva, chumba cha chini ya ardhi ambacho mlango wake uko juu ya paa. Sakafuni huwapo kitundu cha kukumbusha sipapuni, na atokaye hupanda ngazi, akawa kama anayerudia safari ya wazee wake kutoka dunia ya tatu. Kwa muda wa nusu mwaka hivi, kutoka majira ya kipupwe hadi mwezi wa Julai, huja katsina, roho wema waletao mvua na maonyo. Kisha huagwa kwa ngoma, wakarejea kwenye milima yenye theluji upande wa magharibi. Watoto wa kike hupewa sanamu zao za mbao, wapate kuwajua kwa sura na majina.

Wageni walifika mwaka 1540, walipopanda askari wa Kihispania wa msafara wa Coronado. Mwaka 1629 mapadre wakajenga makanisa. Mwaka 1680 Wahopi wakaungana na jamaa zao wa Pueblo katika uasi mkubwa, wakayabomoa. Na mji wa Awat'ovi ulipowakaribisha mapadre tena, uliteketezwa mwaka 1700 na Wahopi wenzao. Jambo hili nalitaja makusudi, kwa sababu wako wanaopenda kuwafanya watu wa amani kuwa malaika. Nao ni wanadamu, na historia yao ina damu.

Serikali ya Marekani ilipotaka watoto wapelekwe shule za bweni, wakanyolewe nywele na kukatazwa lugha yao, wazazi wengi walikataa. Wanaume 19 wakakamatwa, wakafungwa mwaka 1895 katika Alcatraz, kisiwa cha gereza mbele ya San Francisco. Sisi wa visiwani tunaijua bahari kama njia; watu wale wa jangwani waliijua kama ukuta. Mwaka 1906 mzozo huo ukaupasua mji wa Oraibi. Mstari ulichorwa ardhini, na makundi mawili yakasukumana kwa vifua bila silaha. Yukiwma, kiongozi wa waliowakataa wageni, akasukumwa ng'ambo ya mstari. Kabla ya usiku kuingia, yeye na watu wake walitoka, wakaenda kuanzisha kijiji cha Hotevilla.

Baada ya askari na walimu wakaja wenye kalamu. Mmisionari H. R. Voth, aliyefika mwaka 1893, alijifunza lugha, akaingia kwenye kiva, akapiga picha na kuchapisha ibada na hadithi. Wataalamu hutumia maandishi yake hadi leo. Wahopi wengi humkumbuka kwa uchungu. Kanisa alilolijenga Oraibi lilipigwa radi, likabaki gofu. Mwaka 1963 Frank Waters alichapisha kitabu kilichosomwa dunia nzima, ambacho Wahopi na wataalamu wengi wamekilaumu kwa kuchanganya mambo na kuongeza yasiyokuwamo. Tangu hapo utabiri wa Wahopi umekuwa bidhaa.

Utabiri upo, hilo si la kubishaniwa. Karibu na Oraibi uko mchoro wa mwambani wenye njia mbili, moja ikielekea kwenye mahindi, nyingine ikipindapinda. Baada ya bomu la Hiroshima, wazee walikutana mwaka 1948, wakawateua wasemaji wa kuupeleka ujumbe wao nje. Mmoja wao, Thomas Banyacya, alihutubia Umoja wa Mataifa mwezi Desemba 1992. Lakini mtafiti Armin Geertz ameonyesha kwamba utabiri huo hubadilika kadiri nyakati zinavyobadilika. Mimi sioni kuwa hiyo ni aibu. Neno la mdomo huishi kwa kujibu swali la siku yake. Huwa uongo pale tu mtu wa nje anapoligandisha, akaliuza kama ramani ya mwisho wa dunia.

Sasa nikiri langu. Miaka mingi iliyopita nilipata kitabu cha Kiingereza cha utabiri huo, nikaanza kukitafsiri kwa furaha, daftari likafika kurasa arobaini. Sikujiuliza msimulizi ni nani, wa ukoo gani, na kama alikuwa na ruhusa. Nilidhani lililochapishwa ni halali ya wote. Baadaye nilisoma habari za Kamusi ya Kihopi ya mwaka 1998, yenye maneno yapatayo 30,000, aliyoisimamia mwanazuoni wa Kihopi Emory Sekaquaptewa. Hata kamusi ile ilizua mvutano, kwani wako viongozi waliohofu kuiona ikiuzwa kwa wasio Wahopi. Kisha mwaka 2013 vinyago vitakatifu, ambavyo Wahopi huvihesabu kuwa rafiki walio hai, viliuzwa kwa mnada Paris mbele ya vilio vyao. Mnada wa pili ulipofanyika Desemba mwaka huo, wakfu wa Annenberg ulinunua vitu 24 kwa nia ya kuvirudisha, na 21 kati ya hivyo vilikuwa vya Wahopi. Nikaona kwamba daftari langu lilikuwa mnada mdogo.

Sikulichoma, nimelifunga. Kurasa nilizobaki nazo ni zile za hadithi niliyoifungulia makala haya, ambayo wenyewe wameiacha mlangoni kwa ajili ya mpita njia. Nyingine zina walinzi wake, na kule juu ya majabali, kila mwaka, muo unaendelea kuutafuta unyevu chini ya mchanga.