Nyumba pacha za London walikokaa Handel na Hendrix

NYUMBA namba 23 na 25 za mtaa wa Brook Street, London, zimesimama bega kwa bega tangu miaka ya mwanzo ya 1720. Umaarufu wake umetokana na wapangaji wawili: mtunzi wa muziki George Frideric Handel, aliyeingia namba 25 mwaka 1723, na mpiga gitaa Jimi Hendrix, aliyehamia orofa ya juu ya namba 23 mwaka 1968.

Nyumba hizo zilijengwa kibiashara, kabla ya kujulikana nani angezikalia. Viwanja vilikuwa vyembamba, hivyo makazi yalipanda juu badala ya kutanuka. Matofali nayo yalitokana na hofu: baada ya moto wa mwaka 1666 kuteketeza jiji, mbao zilizidi kubanwa na sheria. Sheria ya mwaka 1709 iliagiza fremu za madirisha zirudishwe ndani ya ukuta kiasi cha sentimeta 10.

Ndani, mpango ni mmoja kila orofa: chumba kikubwa mbele, kingine nyuma, na kijichumba pembeni. Jiko la Handel lilikuwa chini ya ardhi na watumishi walilala darini. Orofa ya kwanza alifanyia mazoezi ya muziki, na ya pili alilala. Humo ndimo alimotunga "Messiah" mwaka 1741, na ndimo alimofia mwaka 1759. Alipata uraia wa Uingereza mwaka 1727, lakini alibaki mpangaji miaka yote 36.

Mgeni anayedhani kila ubao wa ukutani uliguswa na Handel amekosea. Mwanzoni mwa karne ya 20 sehemu ya chini iligeuzwa duka, na ukuta wa mbele na kuta za ndani zikabomolewa. Ngazi ndiyo masalia makubwa ya enzi yake. Kitanda chenye mapazia mekundu kimetengenezwa upya, kwa kufuata orodha ya mali iliyoandikwa alipofariki.

Vyumba vya Handel vilifunguliwa kwa umma mwaka 2001. Chumba cha Hendrix, kilichopambwa upya kwa msaada wa picha zilizopigwa humo enzi zake, kilifuata mwaka 2016. Orofa ya chini na jiko la Handel vilisubiri hadi Mei 2023.