Daftari la mfukoni lilianzia wapi?

Nyumbani kwetu, kando ya simu ya mezani paliwekwa daftari la nambari. Siku liliporowa mvua, tulipotelewa na jamaa wa Lamu hadi Muscat.

Huko Marekani, Jeff Hawkins aliwaza kifaa cha mkononi cha kuhifadhi nambari na miadi. Alitembea na kipande cha mbao mfukoni kupima ukubwa wake. Mwaka 1996 kikatoka, kikaitwa Pilot. Ukikiweka kwenye kitako chake na kubonyeza kitufe kimoja, yaliyomo yalinakiliwa kwenye kompyuta. Tayari mwaka 1994 IBM ilikuwa imeuza Simon, simu yenye kalenda na daftari la anwani.

Leo simu zetu hufanya yote hayo. Lakini ndugu yangu, yako ikitumbukia baharini, nambari za jamaa umezinakili wapi?