Woga Hufutika au Hufifia? Somo kutoka Pwani ya Wabajuni

Wahenga walisema: mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kwa maneno hayo machache walieleza jinsi mwili unavyojifunza woga kwa tukio moja, kisha ukauhamishia kwenye vitu vinavyofanana nalo.

Historia ya Wabajuni wa Somalia inatupa mfano mzito. Baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka Januari 1991, makundi yenye silaha yaliwapora na kuwaua Wabajuni wa Kismayo na visiwani. Wavuvi hawa, wasemao lahaja ya kaskazini ya Kiswahili, waliyahama makazi kama Koyama, Chovai, Chula na Darakasi, na wengi wakakimbilia Kenya. Baadhi waliishi kambi ya Jomvu, Mombasa, hadi Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi liliposaidia kuwarejesha visiwani mwaka 1997. Je, miaka sita bila risasi inatosha kuufuta woga?

Pavlov alikwisha kutupa dokezo. Mbwa aliyezoea kutokwa mate kwa mlio fulani huacha akiusikia mara nyingi bila chakula. Akipumzishwa, mate hurudi. Baadaye Mark Bouton wa Marekani alionyesha kuwa mahali nako kuna nguvu: woga uliotulizwa ugenini huweza kuamka ulikoanzia. Mwaka 2009 Mohammed Milad na wenzake walionyesha kwamba wenye maradhi ya kiwewe hulikumbuka kwa shida fundisho jipya la usalama.

Hata hivyo tiba ipo. Katika makazi ya Nakivale, Uganda, wakimbizi 277 kutoka Rwanda na Somalia walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2008. Washauri walikuwa wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo. Katika njia mojawapo, mgonjwa alisimulia maisha yake hatua kwa hatua, bila kuliruka lile lililomtisha. Waliopata ushauri walipona kwa wingi zaidi kuliko waliofuatiliwa tu.

Kwa hiyo, sisi wa lugha tunapotafuta istilahi, tusiseme woga "umefutika". Tunapendekeza "kufifishwa kwa woga", kwani fundisho la zamani hubaki chini ya lile jipya. Na kwa kuwa dawa yenyewe ni masimulizi, Mbajuni anastahili kusikilizwa kwa Kibajuni chake. Wanafunzi wa lahaja, kazi hiyo inawahusu.