Fadhila Zilizovikwa Deraya

Mwaka 1590 kulichapwa mjini London utenzi mrefu uitwao The Faerie Queene, ulioandikwa kwa Kiingereza chenye maneno yaliyokuwa ya kikale hata masikioni mwa watu wa zama zile. Na mtungaji wake, Edmund Spenser, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya Uingereza huko Ireland, aliona ni wajibu wake kutia mwishoni mwa kitabu barua aliyomwandikia Sir Walter Raleigh, kumfafanulia makusudio yake, kwa kuwa alitambua ya kwamba fumbo likiachwa peke yake kila mtu hulifasiri atakavyo.

Makusudio yenyewe yalikuwa makubwa mno. Alitaka kumlea muungwana katika adabu na fadhila, lakini si kwa mawaidha makavu ambayo watu huyasikia wakasinzia, bali kwa hadithi za mashujaa wapanda farasi, kila mmoja akibeba fadhila moja katika zile 12 alizodai kuzipata kwa Aristotle, na wote wakiwa ni watumishi wa Gloriana, malkia wa nchi ya ajabu, ambaye ndani yake Malkia Elizabeth alitakiwa ajione mwenyewe kama katika kioo. Katika vitabu 12 alivyokusudia alijaliwa kukamilisha 6 tu: utakatifu, kiasi na iffa vilitoka mwaka ule, kisha urafiki, uadilifu na adabu vikafuata mwaka 1596. Ubeti wake aliubuni mwenyewe, wenye mishororo 9, wa mwisho ukiwa mrefu kuliko wenziwe.

Msomaji aliyezoea mafumbo ya washairi wa mwambao hatapata taabu kuielewa kazi hii, ila huenda akastaajabu kuona jinsi mashujaa hawa wanavyoanguka. Yule wa kwanza, mwenye msalaba mwekundu kifuani, anamnyonga na kumkata kichwa Errour, kiumbe nusu mwanamke nusu nyoka anayetapika vitabu na makaratasi (na hapa Spenser, mwana wa karne ya ugomvi wa dini uliopiganwa kwa vitabu, alikuwa akiwatania wengi). Lakini punde si punde anahadaiwa na mchawi, anamwacha Una, ambaye ndiye ukweli, anafuatana na Duessa, ambaye ndiye uongo uliopambwa, anatiwa gerezani na jitu la kiburi, na hata baada ya kuokolewa nusura ajiue katika pango la Kukata Tamaa. Kwa rai yangu hapo ndipo utenzi unapofikia kilele chake, kwani utakatifu si vazi alilozaliwa nalo bali ni elimu anayoisoma kwa machungu. Na Britomart, mwanamke aliyevaa deraya na kuwaangusha wanaume kwa mkuki wa sihiri, anabeba iffa isiyofungiwa ndani ya nyumba, bali inayotoka kwenda kumtafuta mume iliyemchagua.

Lakini kitabu cha tano kina habari nyingine. Shujaa wa uadilifu, Artegall, anafuatana na Talus, mtu wa chuma asiye na huruma, anayewaponda wakaidi kwa fimbo ya chuma ya kupuria. Na wasomaji wengi wamemwona nyuma ya Artegall Lord Grey, mtawala wa Ireland ambaye Spenser alikuwa katibu wake mwaka 1580, pale Smerwick, ambako askari wapatao 600, wengi wao Waitalia na Wahispania, waliuawa baada ya kusalimu amri. Grey aliitwa nyumbani mwaka 1582 akilaumiwa kwa ukatili. Artegall naye anaitwa na malkia wake kabla kazi haijakwisha, akapokewa njiani na Husuda na Usengenyaji. Mshairi alikusudia kumtetea bwana wake, lakini yule mtu wa chuma anasema zaidi ya alivyotumwa.

Katika kitabu hicho hicho Duessa anahukumiwa mbele ya malkia, na hakuna aliyehitaji barua ya kumwambia ya kuwa huyo ni Mary, malkia wa Scotland, aliyekatwa kichwa mwaka 1587. Mwanawe, Mfalme James wa Scotland, alighadhibika, na mwaka 1596 alimtaka balozi wa Uingereza afikishe ombi lake kwamba mtungaji ashitakiwe na kuadhibiwa. Spenser, ambaye tangu mwaka 1591 alikuwa akipokea posho ya pauni 50 kwa mwaka kutoka kwa Elizabeth, hakuguswa.

Balaa ilimjia kwa njia nyingine. Ngome yake ya Kilcolman ilisimama juu ya ardhi iliyonyang'anywa baada ya maasi ya Munster, na mwaka 1598 Waairishi walipoinuka tena waliichoma moto; akakimbilia London, akafariki mwezi Januari 1599, akazikwa katika Westminster Abbey karibu na Chaucer. Mwaka 1609 utenzi ulichapwa upya pamoja na kipande kisichokamilika cha kitabu cha saba, na James sasa akiwa mfalme wa Uingereza yenyewe, lakini hukumu ya Duessa ikabaki mahali pake.