Reli, Bandari na Mlima: Funzo la Morogoro

Mara nyingi wanafunzi wetu husema kwamba reli huleta maendeleo. Sisi huwauliza: maendeleo ya nani? Historia ya Morogoro inatoa jibu.

Kabla ya ukoloni, njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita chini ya milima ya Uluguru. Simbamwenni, mji wa Kisabengo wenye ngome, ulipata nguvu kwa kutoza hongo misafara hiyo. Aliyeishika njia aliushika uchumi.

Wajerumani walilielewa jambo hili. Mwaka 1891 walihamishia makao yao makuu Dar es Salaam, na mwaka 1905 wakaanza kujenga reli kutoka bandari hiyo. Ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Bagamoyo ikadidimia. Reli hiyo haikukusudiwa kumwunganisha Mluguru na Mgogo, bali kupeleka mali ghafi baharini na kurudi na bidhaa na askari. Mashamba ya katani yakaenea katika tambarare za Morogoro na Kilosa, huku mkulima wa Mgeta na Matombo akiendelea kushuka mlima na mzigo kichwani.

Mwingereza naye alipoukumbuka mlima, katika miaka ya 1950, aliukumbuka kwa amri. Wakulima walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi. Kuhifadhi udongo lilikuwa jambo jema. Kosa lilikuwa kuwatumikisha watu bila kuwasikiliza. Mwaka 1955 wananchi wa Matombo walikataa, damu ikamwagika, na mpango ule ukafa.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, mashamba makubwa ya katani yaliwekwa chini ya umma. Tukubali ukweli: mwenye mali alibadilika, lakini mwelekeo wa njia haukubadilika. Katani iliendelea kwenda bandarini ikiwa ghafi.

Juni 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro. Ni hatua kubwa, nayo ni uamuzi wa Taifa huru. Lakini Dar es Salaam hunywa maji ya Mto Ruvu yanayotoka Uluguru, na hula mboga za Mgeta. Jiji lina deni kwa mlima.

Kwa hiyo, ndugu makada, tusiupime usafirishaji kwa mwendo wa treni peke yake. Tuupime pia kwa mzigo uliobaki kichwani mwa mkulima.